Sanduku la Job Masinde

Masika thelathini na manne yameyalowesha mabati ya Baba Dogo, na vuli thelathini na nne zimeyatia kutu, tangu siku ambayo Job Masinde alishika kwa mara ya kwanza kifaa cha kuchomelea chuma katika mji wa Nairobi. Katika muda huo viwanda vimebadilisha majina na wenyewe, mto umehamisha kingo zake, na nyumba za chumba kimoja zimerefuka zikawa ghorofa sita. Yeye alibaki na kazi ile ile. Miaka ishirini na mitatu aliunda bodi za malori katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Kiwanda kilipofungwa, akahamia banda la mtu aitwaye Kiema, hapo hapo Baba Dogo, mwendo wa dakika kumi kutoka chumba alichoishi na mkewe Triza. Hakuwa mtu mashuhuri. Hajapata kuandikwa popote ila katika kitambulisho chake na katika daftari la kanisa; ndiyo maana nimeona ni wajibu aandikwe hapa.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyachagua. Kulikuwa na neno moja ambalo hakulivumilia bandani. Kila kitu chenye kuta nne na kifuniko, kiwe cha zana, cha betri, au cha kufugia kuku, sharti kiitwe boksi. Kwao magharibi, karibu na Chwele, sanduku ni kile anachoingizwa mtu mara moja tu na asitoke. Aliyelitamka neno hilo mbele yake aliulizwa, "Nani amekufa?" na Masinde aliweka zana chini, asizishike tena mpaka msemaji alirekebishe neno lake. Wenzake walicheka, kisha wakazoea. Kwa miaka kumi na mmoja banda zima lilisema boksi.

Mwaka huu kazi ilipungua, na Kiema hakuwa tena na haja ya mafundi wawili wa bodi. Fundi wa pili alikuwa Sylvance Owuor, mwanamume wa miaka thelathini na mitano, hodari na mcheshi. Miaka sita nyuma Masinde ndiye aliyemfundisha kuchomelea, na mara nyingi Sylvance alikula ugali mezani pa Triza. Kiema aliwasimamisha wote wawili mbele ya wenzao.

"Mzee," alimwambia Masinde, "macho yako yamekwisha. Sote tunaliona hilo isipokuwa wewe, kwa sababu huoni."

Watu wakacheka.

"Lakini sitaki kusikia mtaani kwamba nilikufukuza kwa chuki. Kuna gari linakuja. Ulifanye peke yako. Likiondoka hapa Ijumaa saa kumi likiwa kamili, wewe utabaki na Sylvance ataenda zake. Lisipoondoka, wewe ndiye utakayekwenda."

"Usijali, mzae," Sylvance akamwambia, akimpigapiga begani. "Nikibaki, nitakuwa nakusalimia mtaani."

Gari hilo lilikuwa la mwanamke aitwaye Kavinya, mkazi wa Komarock, aliyeacha kazi ya ofisi na kuligeuza gari lake refu jeupe kuwa nyumba: kitanda nyuma, jiko ubavuni, kabati hadi darini. Alikusudia kuzunguka Turkana kwa mwezi mzima.

"Fundi, ndani sina hata pa kuvulia viatu," alimwambia Kiema. "Nataka mitungi ya maji, turubai, kamba, jembe na jeki, vyote vilale chini ya gari. Na vumbi lisiingie."

Kuongeza hifadhi chini ya gari ni kazi inayotaka adabu kuliko nguvu, kwa maana nafasi iliyoko huko chini tayari ina wenyewe: bomba la moshi, tangi la mafuta, breki, na mhimili unaopanda na kushuka kila gurudumu linapokanyaga shimo. Mafundi wa haraka hulinyanyua gari kwa jeki, wakapima magurudumu yakiwa yananing'inia, na siku linaposhushwa, mhimili hupanda ukagonga walichokiunda. Masinde hakupima hivyo. Alilisimamisha gari kwa miguu yake lenyewe, akapakia ndani magunia ya mchanga yenye uzito wa maji, mizigo na mwenye gari, ndipo akaingia chini na kamba yake. "Gari hupimwa likiwa limebeba," alizoea kusema, "kama mtu."

Aliunda maboksi mawili ya bati nene, moja kila upande, katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma. La kushoto alilifupisha kwa shubiri moja ili liliachie bomba la moshi njia yake. Sakafu aliiinamisha kidogo, akaitoboa tundu pembeni, maji yakiingia yapate pa kutokea. Milango ilifunguka kuelekea nje, nayo aliizungushia raba aliyoikata kutoka tyubu ya lori. Hakuyachomelea kwenye chasisi, kwa sababu moto huitia chasisi unyonge. Aliyaning'iniza kwa mikono ya chuma, bolti nane kila boksi, nati mbili kila bolti. Na pale ambapo jicho lilimwangusha, alingoja chuma kipoe, akausoma mshono kwa ncha ya kidole, kama kipofu asomavyo. Siku nne alifanya hivyo, na Sylvance alimtazama, na kadiri alivyotazama ndivyo mzaha ulivyomtoka usoni.

Ijumaa asubuhi boksi la kushoto lilikaa mahali pake. Kufikia saa nane mchana la kulia lilikuwa limeshikwa kwa bolti nne, na nne zikabaki. Masinde alikuwa amelala chali juu ya katoni iliyokunjuliwa, miguu tu ikionekana nje. Simu yake ilikuwa katika koti, na koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari upande wa pili wa banda, penye mashine ya kukatia chuma, ambayo hunguruma kutwa.

Sylvance alitoka hadi langoni. Aliazima simu ya mlinzi, maana namba yake mwenyewe Triza aliijua. Wenzake wawili walimfuata, wakiziba midomo kwa viganja.

"Halo, mama," alisema kwa sauti nzito ya upole. "Napiga kutoka pale Mzee Masinde anafanya kazi. Sanduku yake iko tayari."

Triza aliisogeza simu karibu na sikio. Kisha, "Sanduku?"

"Eeh, mama. Tumejaribu kuitengeneza vizuri. Ndefu, imara. Mje muione kabla ya saa kumi."

"Wewe ni nani? Job yuko wapi?"

"Mzee amelala hapa chini ya gari, mama. Poleni kwa kazi." Akakata.

Wanazuoni wa balagha wanaijua hila hii na wameipa jina, tauria: neno moja lenye maana mbili, ya karibu na ya mbali, msemaji akajificha katika ya mbali na msikiaji akaangukia katika ya karibu. Kwa washairi ni pambo. Kinywani mwa mtu mwenye hasadi ni kisu, tena kisu kisichoacha ushahidi, kwa kuwa hakuna neno hata moja katika yale aliyoyasema Sylvance lililokuwa la uongo.

Triza alimpigia mumewe mara saba. Koti liliita msumarini na mashine ikanguruma. Mara ya nane akampigia shemeji yake, Nabiswa, kule Chwele, akamwambia alichoambiwa; na Nabiswa, aliyesikia kwamba hata sanduku limekwisha kutengenezwa, alielewa kwamba maiti itasafirishwa usiku ule ule, akaita watu wenye majembe. Kisha Triza akafunga leso kiunoni akatoka. Akina mama wa kanisa waliokuwa jirani walimdaka mlangoni wakaandamana naye.

Walipoingia bandani, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa miguu. Aliijua ile soksi. Yeye ndiye aliyeitia kiraka. Miguu ilikuwa imetulia, na juu yake limening'inia sanduku la chuma.

"Uuwi! Job! Baba Nafula! Umeniacha na nani?"

Masinde, chini ya gari, alisikia kilio akadhani ni cha mwingine. Kisha akasikia jina la binti yake. Alijivuta nje, uso mweusi kwa masizi, spana mkononi. Mama mmoja alitupa Biblia akakimbia. Na banda zima likaangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wakingoja.

"Amefufuka!" mmoja akapiga kelele. "Na hata siku tatu hazijaisha!"

"Mama, mmebeba jeneza ama mmekuja kukodisha letu?"

Masinde aliwatazama waliomcheka, akamtazama mkewe aliyesimama na leso ya msiba kiunoni na machozi hadi shingoni. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kumtolea neno kali. Siku hiyo, mbele za watu, aibu ilimkaba, na badala ya kumgeukia aliyemtia aibu, alimgeukia aliyekuwa karibu.

"Mama Nafula," alisema, "hukuweza hata kungoja nife?"

Triza alifungua kinywa ajibu. Upande mmoja wa kinywa hicho ukakataa kufunguka. Akakaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kiti, kisha akalala.

Kicheko kilipungua, hakikwisha. Masinde alipiga magoti, akamwinua kichwa. "Nani amempigia simu?"

"Mimi, mzae," Sylvance akasema. "Nilimwambia sanduku iko tayari. Si hiyo hapo juu? Nimedanganya wapi?"

"Una miaka sita hapa. Ni lini umewahi kuiita sanduku?"

Hapo pakawa kimya kweli. Kila mmoja alijua jibu. Kama siku ile kulikuwa na hukumu yoyote ya haki, ilikuwa ni ule ukimya, nao haukudumu hata muda wa kumeza mate, kwa kuwa Kiema alikuwa ametoka katika kijumba chake akitazama saa.

"Bolti nne, Mzee," alisema. "Nne tu. Hawa akina mama watampeleka. Maliza kwanza."

Masinde aliangalia kiganja chake. Zile nne zilikuwamo. Kazi ya robo saa. Alizipanga juu ya kipandio cha gari, kila bolti na kipete chake cha washa na nati zake. "Ni nati mbili kila moja," alisema, bila kumwelekea yeyote. Halafu alimbeba mkewe kwenye mkokoteni wa kubebea vyuma, akausukuma mwenyewe hadi zahanati, akina mama wakimshika Triza kichwa kila penye shimo.

Saa kumi hakuwa amerudi. Bolti nne zilikazwa na Sylvance, nati mbili kila moja, kama alivyosikia. Gari liliondoka kwa wakati wake.

Zahanati iliwapeleka hospitalini, na hospitalini wakaambiwa ni mshipa wa kichwa. Uhai ulibaki, mkono wa kushoto haukurudi. Jua lilipokuwa likitua ndipo Masinde alipomkumbuka ndugu yake.

"Nabiswa, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Job."

Nabiswa akasema, "Kaburi limefika kiunoni."

Kwao kaburi likishafunguliwa kinywa haliachwi na njaa. Likifukiwa tupu litamtafuta wa kulijaza. Wazee walikata mgomba, wakauvika shuka, wakaushusha, wakauombea.

"Mlitaja jina la nani?" Masinde akauliza siku iliyofuata.

"La kwako. Tungetaja la nani?"

Jumatatu alirudi bandani. Alisema gari liliondoka kwa wakati, na bolti kumi na mbili kati ya kumi na sita zilikuwa zake, na mishono yote, na vipimo vyote. Kiema alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilisema ulifanye peke yako. Hukulimaliza peke yako," akajibu. "Halafu nimesikia nyumbani kwenu wamekuzika. Mimi, Mzee, siajiri marehemu."

Walicheka tena, na tangu siku hiyo Marehemu ndilo jina lake mtaani. Watoto humwita hivyo bila ubaya, wakidhani alibatizwa nalo. Hukaa nje ya mlango wake akiziba majiko yaliyotoboka, mkono wa Triza ukiwa juu ya paja lake, na simu ya nyumba hiyo hawaiachi tena iite. Wameinyamazisha, kwa sababu ikiita Triza hutetemeka. Neno lile alilomwambia bandani hajamwomba msamaha kwalo. Kila anapotaka kulianza, Triza humziba mdomo kwa mkono uliobaki.

Kavinya alirejea baada ya mwezi. Alikuwa amepita makorongo na mawe ya Turkana, na ndani ya maboksi hakukuta hata chembe ya vumbi. Alimletea fundi samaki mkavu wa ziwani. Akauliza fundi mwenyewe yuko wapi, na Kiema akamwonyesha Sylvance, na Sylvance akapokea samaki kwa mikono miwili.

Siku hizi, bandani pa Kiema, wanasema sanduku.

Ee Mola, Mwenye kuyajua makusudio yaliyofichwa nyuma ya maneno, mrehemu mja wako Job Masinde, na umsamehe neno moja katika miaka thelathini na mmoja. Mrudishie Triza nguvu za mkono wake, au umzidishie za moyo. Mlinde Nafula binti yao na uzao wake, na Nabiswa na nyumba yake, na ardhi ile ya Chwele uifanye itosheke na mgomba ilioupokea. Na siku ambayo sanduku la mja wako litakuwa tayari kwa kweli, ichelewe, ee Mola, ichelewe sana. Na atakayeipeleka habari hiyo nyumbani kwake awe mtu mwenye huruma. Amina.