Gari la Baba Mkubwa Magige

Harufu ya thina, ile ya wapaka rangi za magari, ikinipata puani hata leo ninapopita tu nje ya gereji pale Mugumu, mikono yangu hujikunja yenyewe kama imebeba mtoto. Wapo wanaosema inanukia vizuri. Waache waseme. Mimi niliishi ndani yake msimu mzima wa masika, nyumbani kwetu Nyarero, mwaka ambao baba aliamua kulitengeneza gari la kaka yake. Ilikuwa kwenye nguo, kwenye maji ya kunywa, kwenye ugali wa mtama. Ukipiga mwayo unaimeza. Ukichanganya na harufu ya udongo mbichi na moshi wa kuni zilizolowa, unapata kitu ambacho sijakutana nacho tena mahali popote, na sina hamu ya kukutana nacho.

Lilikuwa gari la michezo la Kijapani, la zamani hata kwa wakati ule: milango miwili, pua ndefu, nyuma kumekatika ghafla, na viti vya chini sana hata ukikaa unaona kama unaburuza matako barabarani. Baba mkubwa Magige, kaka yake baba aliyemtangulia moja kwa moja, alilipata Kenya kwa mtu aliyewahi kulikimbiza kwenye mashindano, akaliingiza kwa mbwembwe kupitia mpaka wa Sirari, na tangu hapo kijiji kizima kilijua anatoka lini na anarudi lini, maana mngurumo wake ulitangulia kufika. Alikuwa mrefu mno kwa gari lile. Aliendesha magoti yakiwa karibu na masikio, anacheka. Kisha giaboksi ikafa. Akasema anavuka mpaka mara moja tu kutafuta nyingine, akaniambia, “Bhoke, wewe ndiye mlinzi wa gari langu, kuku wasipande,” akaondoka. Hakurudi. Baba alimtafuta Migori, akamtafuta Kisii, akafika mpaka Nairobi akiwa na picha yake mfukoni. Hakuna aliyemwona. Kuku walipanda, wakataga mayai kwenye kiti cha dereva, kutu ikala milango, na watu wakaacha kuuliza.

Baba hakuacha. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mikono yake inajua chuma, ila gari la namna ile hakuwahi hata kulifungua boneti. Alijifunza akiwa analifungua. Alishusha injini kwa mnyororo uliofungwa kwenye gogo, akaitandaza sakafuni vipande vipande juu ya gunia, akasafisha kabureta kwa mswaki wa zamani wa mama, akachonga gasketi kutoka kwenye viatu vilivyochakaa. Giaboksi aliipata kwenye pikapu iliyokufa kule Nyamongo, akaikata na kuiunga hadi ikakubali. Ukimuuliza kwa nini anajitesa, jibu lilikuwa moja: “Akirudi alikute linatembea.” Alisema akirudi, hakusema kama atarudi. Mvua ilipoanza kuchachamaa akalisukuma gari ndani ya stoo iliyopakana na chumba cha mama, ile ambayo ukuta wake haukufika kwenye bati, akaziba mlango na madirisha kwa turubai ili vumbi na unyevu visiharibu rangi. Humo ndimo alimopiga msasa, akapaka puti ya kuziba mashimo, akanyunyiza rangi, siku nenda rudi.

Sasa nieleze lile la kioo, hata kama mtanicheka. Kioo kidogo cha ndani, kile cha kuangalia nyuma, baba alikirekebisha kila alipoketi kujaribu usukani, kwa sababu ni mfupi. Asubuhi tukiingia tunakikuta kimeinuliwa. Hakikuwa kimelegea, baba alikikaza skrubu mbele yangu hadi bisibisi ikateleza. Kesho yake kimeinuliwa tena, sawasawa na macho ya mtu mrefu. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa stoo shingoni. Baba alikiangalia, akatabasamu kidogo, akakishusha. Lile tabasamu lilinitisha kuliko kioo chenyewe. Mama yeye alianza kupita nyuma ya nyumba ili asipite mbele ya mlango ule, na mbwa wetu, mkorofi aliyezoea kulala popote, akahamia kwa jirani.

Katikati ya mambo hayo mama alijifungua mtoto wa kiume. Kwa muda mfupi alikuwa mtoto kama watoto wote, kisha akaanza kulia. Jamani, alilia! Siyo kilio cha njaa wala cha tumbo. Kilikuwa kilio kikavu, cha mtu mzima aliyekasirika. Akinyonya anatapika, akitapika anakohoa, akimaliza analia tena. Akapungua hadi mkono wake ukawa kama kidole changu cha gumba. Zahanati walimpima, wakampa dawa, wakatuambia turudi. Tulirudi. Hawakuona ugonjwa. Bibi, mama yake baba, alikuwa na maelezo yake. Kwenye ukoo wetu mtoto akilia bila sababu, kuna marehemu anayetaka jina lake liitwe, na kazi ya wazee ni kumtajia majina mmojammoja hadi anyamaze. Bibi alimpakata mchana kutwa, akitaja babu zetu na babu wa babu zetu, wengine hata sijawahi kuwasikia. Mtoto hakumsikiliza yeyote.

Alasiri moja mvua ilishuka ya kuvunja bati, sisi watoto na bibi tumekwama upande wa stoo. Baba alikuwa ametoka kupaka mkono wa mwisho wa rangi, ameenda kunawa. Bibi akanipa mtoto, akaniambia, “Ingia naye humo.” Sikutaka. Bibi akanisukuma kwa mgongo, nikainua turubai, nikaingia. Kulikuwa na mwanga mwekundu kidogo uliopenya kwenye turubai, na gari linang'aa jekundu katikati, limelowa rangi, kubwa kuliko nilivyolizoea. Nikasimama karibu na mlango wa dereva. Mtoto akanyamaza. Hakunyamaza taratibu kama anayepitiwa na usingizi. Alinyamaza kama aliyezibwa mdomo. Mwili wake ukalegea mikononi mwangu, macho yakabaki wazi, yamekikazia kile kiti kitupu. Bibi akachungulia kutoka nje, akasema kwa sauti ya chini, “Magige.” Mtoto hakupepesa macho. Bibi akaketi palepale kwenye matope na kuanza kulia, maana aliyemwita alikuwa mwanawe wa kuzaa.

Hapo ndipo vita ilipoanza nyumbani kwetu. Jina la aliye hai halipewi mtoto. Ukimpa, umetangaza kwamba mwenyewe amekufa. Ukishamtangaza, unamlilia, unanyolewa, unafunga habari yake. Baba alisikia habari ile akiwa na sabuni mikononi, akawa kama aliyepigwa rungu. “Mama, Magige hajafa,” akasema. Bibi akajibu, “Mimi ndiye niliyemzaa. Unadhani naona raha?” Baba akasema hatamzika ndugu yake kwa sababu ya kelele za mtoto. Mama, ambaye siku zote humwita baba kwa heshima mbele za watu, akasimama mlangoni akiwa na mtoto kifuani kama furushi dogo, akamwambia, “Baba Bhoke, mmoja wao namwona. Mwingine simwoni.” Baba akarudi stoo, akajifungia na gari, tukamsikia akipiga msasa kwa nguvu, anapiga, anapiga, na kila alivyopiga ndivyo mtoto alivyozidi kulia upande wa pili wa ukuta.

Siku mtoto aliponyamaza mwenyewe bila kupelekwa popote, macho yamerudi nyuma, mdomo umekauka, mama alipiga yowe nililolisikia hata nikiwa shambani. Baba alitoka stoo mbio. Alimchukua mtoto, akatoka naye uani kwenye manyunyu, akampandisha hadi usoni pake, na akalisema jina. Alilisema kwa taabu, kama mtu anayetema jino: “Magige. Karibu nyumbani, Magige.” Kisha akampa mama mtoto, akaketi kwenye kigoda na kuvua kofia. Bibi akaleta wembe. Sijawahi kumwona baba akilia kabla ya siku ile. Machozi yalishuka pamoja na nywele, na sisi wote tukaanza kulia, majirani wakaja, wakaelewa. Msiba ukakaa. Na msibani kwetu nyundo haigongwi, jembe halishikwi, kazi zote zinalala. Turubai liliondolewa likatandikwa uani waombolezaji wapate pa kukalia, mlango wa stoo na madirisha vikabaki wazi. Kabla watu hawajatawanyika mtoto alikuwa ananyonya hadi anashikwa na kwikwi.

Baba alilimalizia gari baadaye, nje, kiangazi kikiwa kimeingia, bila haraka yoyote. Lilipowaka kwa mara ya kwanza hakuna aliyeshangilia.

Mimi sasa ni muuguzi huku Robanda. Mama yeyote akinijia zahanati na mtoto mchanga anayelia, anakohoa na kutapika, mara analegea, namuuliza kwanza nyumbani mnapaka nini, mnachoma nini, mnalala wapi. Wengine hunishangaa. Nawaambia watoe mtoto nje wafungue madirisha kabla hata sijashika kipimo. Najua sasa mvuke wa thina unavyoweza kumdhuru mtoto mchanga kichwani na kifuani. Najua kwamba utulivu ule uliotutisha mbele ya gari haukuwa wa mtu aliyeona mzimu, alikuwa anazimia mikononi mwangu. Ukuta usiofika juu, turubai lililoziba mlango na madirisha, na baba wa watu akipenda sana ndugu yake, basi. Kioo kile sijakipatia jibu hadi leo na nimeacha kukitafutia. Kilichonikaa rohoni ni kwamba leo ningemaliza yote kwa maneno matatu, na wakati ule ilitubidi tutoe mtu.

Mwaka jana nilikuwa Nyarero kwa likizo, tunapukuchua mahindi uani. Bodaboda ikasimama nje ya uzio, akashuka mzee mrefu, mkavu, mfuko wa plastiki mkononi. Hakuingia. Alisimama anaangalia lile gari jekundu uani. Baba akanyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena. Mahindi yakanidondoka. Nilimtambua kwa magoti, sijui nieleze vipi, kwa jinsi alivyoyakunja aliposhuka kwenye pikipiki, na nikaogopa kama sijawahi kusoma hata darasa moja.

“Magige,” baba akaita.

Mdogo wangu, aliyekuwa chini ya gari anakaza nati, akaitika, “Naam, baba,” akatoka akijifuta mikono, kijana wa kifua kipana, mwenye afya ya kutosha watu wawili. Mzee yule hakuitika. Alimtazama kijana, akamtazama baba, na nikaona anaelewa. Ni mtu wa ukoo wetu, hahitaji kuelezwa jina lake limefikaje kwa mwingine.

“Mlinililia?” akauliza.

“Tulikulilia. Mama mwenyewe alininyoa, kabla naye hajatutoka.”

Yake mzee aliyasema kwa kifupi, akiwa bado nje ya uzio: jela huko Kenya kwa kosa la mtu mwingine, kisha aibu, kisha mke na watoto Kitale, kisha miaka ikajipitia. Baba akasogea uzioni. “Mtoto alikuwa anakufa, kaka. Sikuwa na la kufanya. Ningekulilia tena.”

Mimi nilikuwa na maelezo yote mdomoni. Thina, ukuta, turubai. Nilifungua kinywa kabisa. Nikamwona baba alivyosimama, mzee mfupi aliyemzika nduguye akiwa hai ili mwanawe apone, na akapona kweli mbele ya macho yake.

“Ndiye huyu?” baba mkubwa akauliza.

“Ndiye.”

Akaingia uani, hatua za tahadhari kama anayekanyaga kwenye maji. Akamshika mdogo wangu bega, akalibonyeza, akalipima unene wake kwa kiganja.

“Basi nilikufa vizuri,” akasema.

Nikafunga mdomo, nikaenda ndani kumtafutia kiti.