Magurudumu ya Kiatu cha Papa

Fundi wa viatu hapa mtaani Area 25, Lilongwe, anapokata tairi kuukuu kwa kisu cha moto, harufu ile ya mpira hunirudisha darasani, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Mwalimu alikuwa ametugawa makundi, kila kundi litengeneze gari la kuonyesha nguvu na mwendo. Sisi tulikunja waya vizuri, ila magurudumu tulikosa. Ndipo mwenzetu, msichana wa maneno machache, akaleta kiatu cha tairi cha baba yake, Papa kama alivyomwita, tukakikata. Baba huyo alienda Lilongwe kutafuta kazi, hakurudi. Viatu alivyoacha, mama yake aliviweka mlangoni vikitazama ndani, ili mwenyewe akumbuke njia ya nyumbani.

Siku ya kuonyesha, mwalimu aliweka gari letu mezani, akafunga mikono mgongoni.

"Kitu kilichotulia hakiendi mpaka kisukumwe."

Gari likaanza kwenda. Polepole, upande wa mlango. Mwalimu akalirudisha, akalaza chupa ya maji kando yake aone kama meza imeinama. Chupa ikatulia. Gari likaenda tena.

"Nani anasukuma?"

"Hakuna mutu, Mwalimu," mwenzetu alijibu, wala hakushtuka. "Papa naye njo vile alienda. Hakuna mutu alimusukuma."



Mwezi uliopita nilinunua jozi ya viatu vya tairi kwa huyu fundi wa Area 25. Naishi peke yangu. Jioni naviacha viatu mlangoni vikitazama ndani. Asubuhi navikuta vimegeukia barabara.