Mlango wa Bafuni Wenye Shoti

Nyumba tuliyopanga Mbagala ilikuwa na bafu moja uani, na mlango wa bafu hilo ulikuwa wa bati lenye fremu ya chuma. Waya wa taa ulipita juu ya fremu, umechunika, na ukigusa mlango bila kandambili unapigwa shoti. Wapangaji wote tulijua. Mgeni akija, kabla ya kuonyeshwa bafu alikuwa anapewa kandambili. Tulikuwa tumeigeuza hatari ile kuwa adabu ya nyumba, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Mama mwenye nyumba alikaa vyumba vya mbele, akiuza barafu. Meni swichi, ile ya kuzimia umeme wa nyumba nzima, ilikuwa sebuleni kwake. Tukimlalamikia anacheka.

"Hiyo inatekenya tu. Nyie wapangaji wa siku hizi mmezidi kudeka."

Tulete fundi wetu, hataki. Fundi wake alikuwa shemeji yake, na huyo shemeji kila siku yuko njiani anakuja.

Kisha mama yangu akaja kutoka Newala kutibiwa moyo. Sikutaka kumtia hofu, kwa hiyo nikamwambia avae kandambili kwa sababu ya utelezi. Alivaa akinung'unika kwamba bafu la mjini lina masharti kuliko mganga.

Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Umeme ukikatika mlango ule ulikuwa mlango tu, kila mtu anaingia peku. Mama akawaona, naye alasiri akaacha kandambili nje, akabeba kopo lake la maji, akaingia kutawadha na kujifungia kwa komeo. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele. Mara nikasikia watoto wa uani wakipiga kelele.

"Huooo! Umerudi!"

Jokofu la mama mwenye nyumba likaanza kunguruma. Sinia likaniponyoka.

"Mama! Usiguse mlango!"

Nilisikia maji tu yakimwagika. Mama yangu akitawadha haongei na mtu, hata nyumba iwe inaungua. Nikaita tena. Jirani yangu, dada mmoja fundi cherehani, akakimbilia nyuma ya bafu akawa anagonga ukuta.

"Mama, tulia hapo hapo! Usishike komeo!"

Nikakimbilia mbele.

"Mama mwenye nyumba, zima meni swichi! Mama yangu yuko bafuni peku!"

Alikuwa ameinamia jokofu, anapanga vifuko vyake vya maji. Hata hakugeuka.

"We nawe, umeme ndo kwanza umerudi. Barafu zangu zimeyeyuka zote. Mwambie avae viatu."

"Viatu viko nje!"

"Inatekenya tu, mwanangu. Haijaua mtu hiyo."

Sijawahi kumkaripia mtu mzima maishani mwangu. Siku ile nilimkaripia.

"Kama inatekenya tu, twende ukaushike ule mlango wewe. Hivyo hivyo ulivyo!"

Akatazama miguu yake. Alikuwa peku, amesimama kwenye maji ya barafu. Akanitazama, akaenda ukutani akashusha swichi. Jokofu likanyamaza. Kumbe alikuwa anajua kama tulivyojua sisi.

Nikarudi uani mbio, naye akinifuata. Komeo likalia, mlango ukafunguka, mama akatoka na mikono inachuruzika maji. Akatukuta wapangaji wote tumesimama tunamkodolea macho.

"Kuna msiba?"

Nikamweleza habari ya ule mlango, nikilia kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Mama mwenye nyumba akaanza kusema kwamba shemeji yake angekuja kesho. Mama hakumjali. Alikuwa anawatazama watoto, ambao sasa walikuwa wamenuna kwa sababu umeme umezimwa tena.

"Na hawa," akauliza, "wanaogea wapi?"