Leo Unaingia Kwako au Kwangu?

Mtaani walimwita Mama Soketi, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha umeme kilichomshinda. Kazi alifundishwa na mumewe, fundi kompyuta, ambaye alikufa akamwachia chumba cha mbele, bisibisi zake, na kompyuta nyeusi yenye mifumo miwili: mmoja wa kazi, mwingine wa marehemu mwenyewe.

Kompyuta ile ilikuwa na tabia ya kuuliza. Kila ikiwashwa ilitoa menyu, na juu yake maneno aliyoandika marehemu enzi za uzima wake: *Mama Soketi, leo unaingia kwako au kwangu?* Naye kila asubuhi alichagua kwake, mstari wa juu, akinong'ona, "Kesho, baba." Tangu mazishi hakuwahi kuingia kule. Kuulizwa tu kulimtosha.

Basi shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja kuchapa barua zake, akausasisha mfumo wa kazi bila kuuliza mtu. Mashine ilipowaka tena, ikapitiliza moja kwa moja hadi mfumo wa kazi, bila swali.

"Mbona imenyamaza?" Mama Soketi akashtuka.

"Si ndiyo imekuwa nyepesi, shemeji! Na ule upande wa kaka, jioni nikirudi tuufute. Unakula nafasi bure."

"Thubutu!"

"Looo! Unaigombania kama mume."

"Ingekuwa mume ningeshakufukuza. Toka."

Alipobaki peke yake akavuta kiti chake, cha marehemu akakiacha nyuma. Alijua kilichotokea: kiwashio, ile programu ndogo inayouliza kabla ya yote, kilikuwa kimepigwa kumbo na kingine. Maneno ya marehemu yalikuwa bado ndani ya diski, ila hapakuwa na wa kuyasema. Na akikosea akaiunda menyu upya, yangefutika, yakaja maneno ya kiwandani.

Akachomeka flashi ya matengenezo, akawashia humo, akaandika amri taratibu, jasho likimtoka. Menyu hakuigusa; alirudisha kiwashio tu. Akazima, akawasha.

*Mama Soketi, leo unaingia kwako au kwangu?*

Binti yake akachungulia mlangoni. "Mama, amerudi?"

"Amerudi."

Akachomoa flashi, akawasha tena ahakikishe. Kimya. Akachomeka, swali likaja. Ndipo akajishika kichwa: kwa haraka zake, kiwashio alikuwa amekiweka kwenye flashi badala ya diski. Kusahihisha ilikuwa amri moja tu. Vidole vilikuwa juu ya vitufe aliposikia viatu vya shemeji barazani.

Akaizima mashine, akaichomoa flashi, akaitumbukiza kifuani.

"Umeufuta?"

"Washa uone."

Ikapitiliza. "Eeh, hapo sasa!" Shemeji akachapa barua zake, akaenda zake, roho kwatu.

Mama Soketi akaitoa flashi, bado ina joto la mwili wake, akaichomeka, akawasha upya. Feni ikavuma. Swali likaja, likakaa. Akafungua mdomo aseme kesho.

Nyuma yake kile kiti cha marehemu kikalia, kama kinavyolia mtu akikisogeza. Binti alikuwa jikoni, sufuria zilisikika.

Hakugeuka. Akapeleka kidole kwenye mshale wa chini.