Mbegu za Mguu wa Susu

Nyanya yetu, ambaye sisi tunamwita Susu, aliponionyesha kidole gumba cha mguu wake wa kushoto nilicheka. Kilikuwa cheusi kama ndizi iliyosahauliwa kwa mfuko. Halafu harufu ikanifikia, nikanyamaza, mimi ambaye hata kwa maombi huchekesha watu.

Susu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alisema mishipa imeziba, damu haishuki, mguu ukatwe kabla uozo haujapanda ukamuua. Susu akakubali. Kisha mwalimu wetu wa bayolojia, jirani yetu hapa Mbumbuni, akaja kumpa pole. Akamwambia ng'ambo kuna wanasayansi wanaojaribu kutia jeni ya ukuaji ndani ya seli za mishipa ya damu, ili mishipa iote matawi mapya. Susu akauliza jeni ni kitu gani. Mwalimu akatafuta neno rahisi: mbegu.

Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kwa Susu mbegu nzuri hutoka stesheni ya utafiti wa kilimo kule Kiboko, na ukizikosa msimu huu unangoja ujao. Ndengu alizingoja, akazipata. Sasa akasema hakatwi, baba aende Kiboko aulize za mguu. Baba alimsihi, pasta akamsihi. Mwalimu aliporudi kujieleza, Susu akamwambia asiwaharibie watu shamba.

Kila asubuhi Susu aliniita nimwangalizie, maana macho yake ni mabovu. Weusi ulishavuka kidole, unapanda wayo. Niliogopa kuutazama, na nikaogopa zaidi kuacha.

Kwa utani wa nyanya na mjukuu, yeye huniita mume wangu. Siku moja nikaketi kando yake.

"Susu, hizo mbegu bado ziko kwa kitalu. Wanazijaribu kwa sungura."

"Sungura wa nani?"

"Wa wazungu. Zikifika huku utakuwa umeshazikwa."

"Na wewe utakaa na mke wa mguu mmoja?"

"Nitakaa. Hutaweza kunikimbia."

Alicheka peke yake, kisha akaukamata mkono wangu mpaka ukauma, nikajua anaogopa kuliko mimi. Akasema baba atafute gari.

Akipandishwa, aliniagiza niutunze ule mguu wa kulia, mbegu zikitoka tuwe na pa kupanda. Nikasema sawa. Halafu nikainama kuukagua, kidole kwa kidole, huku dereva akipiga honi.