Kadi ya Mama Marceline

Kama uliwahi kupeleka simu yako kwa Constantin, kule Kenya, mtaa wa Lubumbashi si nchi, kwenye kibanda cha bati kinachotazamana na wauza viatu vya mitumba, basi ulihubiriwa. Hakuna aliyetoka pale bila mahubiri. "Ulifanya copie?" Yaani nakala ya akiba. Ndilo neno lake la kwanza, hata kabla ya jambo. Ukisema hapana, anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati, anakutazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyetupa dawa. "Mama, picha ya mutoto yako unaiacha mu simu moja? Na mwizi akipita? Na mvua?"

Kinyozi hajinyoi. Nalisema mapema usije ukaniuliza mwishoni, maana likinijia linanipandisha hasira.

Mama yake, Marceline, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia pale Naviundu, sauti ya pili, miaka thelathini. Watu wao ni wa kaskazini, upande wa Kongolo. Babu yao alishuka huku na kazi ya reli akafia huku. Sasa katika ukoo wao, na ni Wakatoliki wa misa ya kila Jumapili hao, siku ya kutosha kilio, yaani siku ya kumaliza msiba mwaka baada ya mazishi, mtu husimama mbele ya jamaa akayaita majina ya mama waliozaa mama, kuanzia kwa marehemu, kupanda hadi yule wa kwanza kabisa. Majina kumi na tisa. Wanasema marehemu asipoitiwa wenzake hapokelewi, anabaki amesimama mlangoni. Padri anajua, na hasemi kitu.

Aliyeyajua yote alikuwa Marceline peke yake. Jeanne, dada mkubwa wa Constantin aliyeolewa Kongolo, alishika matatu. Constantin hakushika hata moja, kwa sababu kila mara mama alipoanza kuyataja yeye alikuwa na bisibisi mkononi na redio ya mtu tumboni wazi.

Wiki mbili kabla ya kufa, mchana, Marceline akakubali kurekodiwa. Mwanzoni alikataa, akamgombeza mwanawe, kisha akacheka, akasema yote. Dakika arobaini: majina, nani alizaliwa wapi, nani alikimbia nini, na katikati wimbo aliofundishwa na bibi yake. Constantin akaitoa kadi ya memori kwenye simu, akaibandika kwa selotepu ndani ya jalada la kitabu, ili siku simu ikiibwa sauti isiende nayo. Copie angeifanya Jumapili. Jumapili mashine ilikuwa na kazi ya mteja. Jumapili iliyofuata hakukuwa na umeme. Jumapili nyingine umeme ulikuwepo, ila kulikuwa na mpira. Mwaka mzima na ushei, Jumapili ngapi hizo? Hesabu mwenyewe, mimi zinaniuma.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya Kifaransa aliyoinunua mjini, kwa wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara. Hakikuwa na kurasa za mwisho. Alikuwa anakisoma mara ya tatu na kila mara mwisho anaubuni upya. Alisema kitabu kisichoisha ndicho kitabu cha safari, kwa kuwa safari za huku nazo haziishi. Tena alisema kitabu hakiombi chaji, na mvua ikikinyeshea unakianika kinasomeka. Mtu wa mitambo huyo, anayesifu karatasi!

Wiki ya kutosha kilio ikafika, siku yenyewe Jumamosi, na kazi nayo ikaita. Wauza samaki wa Kasenga walikuwa na friji za sola zilizokufa, samaki wanaoza. Angekataa nani? Jumatatu akapanda pick-up ya Muhindo, mtu wa Butembo anayepeleka mizigo ya jumla upande ule. Kitabu mkobani, kadi ndani ya jalada. Jeanne alikuwa tayari njiani kutoka Kongolo, na treni ile unaijua: unajua siku ya kupanda tu. Mwaka uliopita treni hiyohiyo ilimfikisha siku tatu baada ya mazishi. Alikuta udongo umeshakauka. Kwa hiyo safari hii alipiga simu mara mbili kumwambia mdogo wake, "Mazishi niliikosa. Lakini sauti nitaisikia, eh? Utaniwekea?" Na Constantin akajibu, "Yaya," ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, "iko tayari."

Jumatano, friji zimepona, wakawa wanarudi. Saa tano wakafika Kasomeno, wakakuta barieri ya mvua imeshuka. Asiyejua barieri ya mvua amshukuru Mungu wake. Ni mti mrefu unaolazwa barabarani. Mvua ikinyesha hakuna gari linalopita mpaka udongo ukauke, magari yasije yakaichimba barabara ikawa shamba. Ni sheria nzuri. Inatesa tu. Malori yalijipanga nyuma yao, madereva wakalala chini ya turubai, na mvua ikanyesha kama iliyolipwa kwa siku.

Redio ya Muhindo ilikuwa na nyimbo saba, zote za kanisa lake, na Muhindo aliziimba zote kwa sauti kubwa kuliko mwenye wimbo. Mzunguko wa nne Constantin akashindwa kuvumilia. "Ndugu yangu, Mungu amesikia. Tumupumuzishe."

"Zako wewe ziko wapi?" Muhindo akamuuliza.

Zake zilikuwa rumba za zamani, zile za gitaa refu. Muziki wa siku hizi, alimwambia Muhindo, unaanza kupiga kelele kabla ya kusalimia watu. Wa zamani ulibisha hodi kwanza, ukaketi, ukaomba maji. Muhindo akacheka sana. Walielewana wale wawili, hata katika kubishana.

Ni hapo dirisha la upande wa Constantin, ambalo halikufunga sawasawa tangu Kasenga, lilipoingiza maji mkobani. Kitabu kikalowa. Akakitoa haraka, akakifungua juu ya dashibodi kikauke, akaona selotepu inaachia. Akaibandua kadi akaitia mfuko wa shati. Dakika moja tu, alisema. Mfuko huohuo ulikuwa na kadi nyingine, ya picha za kazi, ambazo alishazihamishia kwenye simu. Mbili nyeusi, ndogo kama ukucha, ndugu wa tumbo moja kabisa.

Kando ya barieri kulikuwa na kibanda cha Dorcelle, mama wa makamo mwenye jenereta, kompyuta iliyovunjika kona, na kazi ya kujaza watu miziki kwenye kadi. Ukutani alikuwa amebandika karatasi: KADI YOTE INASAFISHWA MBELE, yaani kwanza. Constantin alipoisoma alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao.

"Mama, weye njo muntu ya kazi," akamwambia. "Bengine banajaza miziki juu ya magonjwa."

"Papa, bantu banaleta kadi yenye iko na virusi, inaniulia mashini. Miye nafuta yote mbele, kisha naweka." Dorcelle akapokea kadi ambayo Constantin aliichomoa mfukoni. "Ndani ya hii muko kintu ya maana?"

"Akuna. Iko bapicha ya kazi tu, na niko nayo mu simu. Futa tu."

Akafuta. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Kisha akamjazia rumba mia tatu na kumi, na wakati zinaingia wawili hao wakazungumza habari za ufundi, wakapeana namba za simu, na Constantin akamsifu tena. Alimsifu! Hapo ndipo mimi hushindwa kuendelea, nikataka kumshika mtu shati.

Alhamisi asubuhi udongo ukawa umekauka, mti ukainuliwa. Njia nzima gitaa likapiga hodi, Muhindo mwenyewe akaanza kutikisa kichwa. Saa moja kabla ya kufika Lubumbashi, Constantin akakumbuka kitabu. Kilikuwa kimekauka, kimejikunja kidogo. Akatafuta selotepu mkobani, akaitoa kadi mfukoni airudishe mahali pake. Sijui kwa nini aliitia kwanza kwenye simu. Labda alitaka kumsikia mama kidogo, maana Jumamosi kutakuwa na watu na hataweza kulia vizuri.

Picha ya betri. Betri. Friji ya samaki. Betri.

"Simamisha."

"Kuko nini?"

"Simamisha gari, Muhindo."

Akashuka, akasimama kwenye matope, mlango wazi, rumba inaendelea kuimba ndani ya gari. Akampigia Dorcelle. Hakumgombeza. Alimuuliza tu kama kabla ya kufuta huwa anahifadhi mahali.

"Hapana, papa," Dorcelle akasema taratibu. "Nilikuuliza. Papa, si nilikuuliza?"

Muhindo akaizima redio. Akasema, "Turudi?" Warudi wapi? Hakuna aliyejua kuliko Constantin kilichotokea ndani ya kile kidude cheusi. Angefuta tu bila kujaza, sauti ingekuwa bado imelala mle chini, angeiamsha. Lakini nyimbo mia tatu na kumi zilikuwa zimeikalia. Akalia pale barabarani, mtu wa miaka arobaini na saba, na magari yanapita yakimrushia matope. Muhindo alishuka akasimama karibu naye.

Ijumaa alijifungia kibandani tangu asubuhi, akafanya kila anachokijua na vingine alivyovisoma siku hiyohiyo. Wateja waligonga wakaondoka. Kilichopatikana ni kipande kimoja cha sekunde kumi na moja, cha mwanzo kabisa. Vilivyobaki ni mikwaruzo, na mara moja gitaa la rumba.

Jioni ileile Jeanne alishuka kwenye treni, siku kumi na sita njiani, miguu imevimba, na kifurushi cha samaki wakavu kichwani. Akamkumbatia mdogo wake pale stesheni akasema, "Sasa nimefika. Kesho nitasikia mama." Ilikuwa nafasi ya kumwambia. Constantin akapokea kifurushi, akauliza habari za watoto. Aliogopa. Sisemi ni mwoga wa siku zote. Siku ile aliogopa.

Jumamosi, baada ya misa, jamaa wakakaa uani Naviundu chini ya turubai. Mvua ilikuwa nyembamba. Wazee wa ukoo mbele, kwaya ya parokia nyuma na vitambaa vyao vya buluu, Jeanne katikati kwenye kiti chenye mto. Baffle kubwa, spika ya sherehe, imekodiwa, yote hiyo kwa ajili ya sauti moja. Mzee Elisée, mjomba wao, akaamuru kimya, akasema, "Constantin, tuitie mama."

Constantin akabonyeza. Na Marceline akaingia uani kwa sauti yake ileile ya kukwaruza, kubwa, kama yuko jikoni anapakua ugali:

"Constantin! Zima kwanza hiyo kamashini kako, ukule. Bukari bunapola. Hayo majina nitakuambia kesho…"

Kisha mkwaruzo. Kisha hakuna.

Wanakwaya walicheka, wakalia, wakapiga makofi, kwa sababu alikuwa yeye hasa. Jeanne aliweka mikono miwili kifuani, uso wake umefunguka kama wa mtoto. Akangoja. Watu wote wakangoja.

"Endelea," Jeanne akasema. "Weka yenye inafuata."

"Njo yote, yaya."

"Yote gani? Ulisema dakika makumi ine."

Ikabidi aseme. Akasema yote, barieri, mfuko, Dorcelle, "futa tu", amesimama karibu na baffle na kadi mkononi. Alipomaliza Jeanne aliinuka polepole juu ya miguu yake iliyovimba.

"Weye wa mamashini," akasema. "Weye wa kutufundisha siye wote! Ulimurekodi ili usimusikilize. Mama alikuwa hapa, mu hii nyumba, anaongea, na weye ulikuwa unaangaria kama kataa kanawaka."

Constantin hakujitetea, na mimi simtetei. Ni kweli tupu. Katika zile dakika arobaini alikuwa ameitazama taa nyekundu ya simu, akihofia chaji, na hakushika hata jina moja.

Mzee Elisée akakohoa. Mvua ikaongezeka juu ya turubai. Basi Jeanne, kwa kuwa mtu lazima asimame, akageukia upande wa kaskazini, akafuta uso kwa kitenge, akapaza sauti kama alivyomwona mama akifanya zamani:

"Marceline wa Mumba! Mumba wa Mbuyu! Mbuyu wa…"

Akaanza tena kutoka mwanzo, haraka zaidi, kama mtu anayetaka kuruka mtaro kwa kukimbia, na akakwama palepale. Akawatazama wazee mmoja mmoja, wakainamisha macho. Mwisho akamtazama mdogo wake, na sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa inaomba.

"Consta. Mbuyu alizaliwa na nani?"

"Siyui, yaya," Constantin akasema.