Nilivyomkuzia Baba Maandishi Ukutani

Jamani, hili naona aibu hata kulisimulia, na wala si ile aibu ya kuteleza kwenye tope siku ya harusi ambayo baadaye unaicheka na wenzako. Hii kila nikiikumbuka natamani kujizaba kibao.

Kazi yangu ni kutengeneza programu, ofisi ni chumba kimoja Omurushaka nyuma ya duka la mbolea, na mwaka huu nilikuwa natengeneza kivinjari cha intaneti kwa ajili ya wakulima wa chama chetu cha ushirika, menyu zote kwa Kiswahili, mtu afungue simu aone bei ya kahawa maganda na matangazo ya chama bila kuzungushwa. Sasa baba yangu, Mzee Kamugisha wa Kanoni (mzee wa kanisa, anaheshimika mpaka Kiruruma), tangu zamani akipewa karatasi husema macho hayaoni, anampa mama amsomee, na mama alipofariki akawa ananipa mimi. Ndiyo maana nikaweka kitufe kikubwa cha kujumlisha, ukibonyeza maandishi yanakua. Cha kutoa nikakificha ndani ya menyu ili kioo kisijae vitufe (nani atataka kupunguza, nilijiambia, fundi mimi).

Siku ya kukionyesha kivinjari, ukumbi wa chama ulijaa, kila kilichomo kwenye simu kinatokea ukutani kwa projekta, na kwa kimbelembele changu, badala ya kumwita katibu ajaribu kama tulivyopanga, nikamwita baba.

"Mwite mwingine," akasema akiwa amekaa. "Macho yangu unayajua."

"Ndiyo maana nimekuita wewe, baba. Humu macho si tatizo."

Watu wakapiga makofi, angekataaje? Akaja, akabonyeza, maandishi yakakua, nikamwambia asome, akasema bado hayaonekani, nikamwambia aongeze, akaongeza, bado, ongeza baba usiogope, akaongeza, na mimi badala ya kushtuka kwamba hata waliokaa mlangoni wanasoma bila shida nikazidi kumhimiza, mpaka ukutani ikabaki herufi moja tu, K, kubwa kama mlango wa ghala. Nikataka kurudisha, kumbe menyu nayo imesukumwa nje ya kioo na kitufe cha kutoa kimo humo humo, basi K ikaganda pale.

"Sasa hapo baba unaona nini?" nikauliza, tena kwa kujidai.

Akautazama ukuta, akakohoa, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, "Hapo wameandika bei ya kahawa."

Watu walicheka, wengine wakipiga mabenchi, halafu kicheko kikafifia safu kwa safu kadiri kila mmoja alivyoelewa kwamba tatizo halikuwa macho, na wa mwisho kuelewa nilikuwa mimi mwanawe. Katibu akainuka taratibu, "Basi waitu, ndugu zangu, mzee akae apumzike."

Hakukaa. Alitoka nje, nikamfuata njia nzima nikimwomba radhi, hakugeuka mpaka tulipofika kwenye migomba yetu.

"Mama yako alijua tangu tunaoana," akasema. "Amekwenda na siri hiyo kaburini. Wewe umenivua nguo mbele ya chama kizima."

Nimeapa sitamsimamisha mtu tena mbele za watu ajaribu kitu changu, hata awe profesa, na akisema hapana nitaichukua kuwa hapana. Kitufe cha kutoa nimekihamishia nje ya menyu (kazi ya dakika chache, hebu fikiria). Chama kilikipokea kivinjari, wanakitumia mpaka Kyerwa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana juzi mama mmoja nisiyemfahamu, naye hajui mimi ni mtoto wa nani, alikuja ofisini na simu yake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hiki cha kukuza, hiki wanachokiita Mzee Kamugisha, mbona kwangu hakibonyezeki?"

Nikaipokea simu, nikamtengenezea.